Uza, na Mimi Uniuze

Kwanza nianze na ukweli ambao Paskazia mwenyewe asingewaficha: kwa miaka sita nilimpunja. Sikumpunja yeye peke yake, niliwapunja wanawake wote wa kijiji chetu walioleta gundi dukani kwangu, lakini yeye ndiye aliyegundua, kwa hiyo yeye ndiye ninayemkumbuka. Nilikuwa nanunua kwa kisado na kuuza kwa kilo. Hakuna sheria niliyovunja. Wao walikuja na kisado kimejaa mpaka kilele, mimi nikatoa elfu tatu, tukaachana kwa vicheko. Akida, wakala wa kampuni inayonunua gundi, alipopita na gari lake mwisho wa mwezi, nilimpimia kwa mizani, na kilo moja ilikuwa elfu mbili na mia tano. Kisado kile kilikuwa na kilo tatu na ushee. Piga hesabu mwenyewe, mimi sina haja.

Duka langu lipo njia ya kwenda Didia, na jina langu ni Mwaisha, ingawa wengi huniita Mama Abduli. Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja Shinyanga na reli akaoa hapa hapa, basi mimi na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara. Paskazia nilimwita mpagazi wangu. "Mpagazi, tua mzigo," nilikuwa nikimwambia akifika na kapu lake kichwani, "babu yako alibeba ya babu yangu mpaka Bagamoyo, wewe unahema kwa kisado kimoja?" Naye hujibu, "Babu yako hakulipa ule ujira. Leo nimekuja kuuchukua." Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na mteja aliyengoja nyuma yake alicheka naye hata kama hatujui.

Siku aliyogundua, hakupiga kelele. Aliiona mizani ya sukari juu ya kaunta, akasema, "Mtani, hebu pima na hii." Nikasema gundi itanata kwenye sahani. "Nitaiosha," akajibu. Nilipima, kwa sababu kukataa kungekuwa kukiri. Akautazama mshale, akanunua chumvi na kiberiti, akaiosha ile sahani kwa maji moto mpaka ikang'aa, akaenda zake. Mwezi uliofuata alikuwa ameunda kikundi cha wanawake kumi na tisa, wamechanga wakanunua mizani yao, na Akida akaanza kupitisha gari kwao bila kusimama kwangu. Nilisema wazi kwamba sina kinyongo. Nilisema mara nyingi mno.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana watu wa mjini wanakunywa soda na kumung'unya pipi na hawajui kwamba ndani yake kuna gundi ya mti. Mti unaitwa kikwata. Ni mfupi, mkavu, hauna sura ya kumvutia mtu, na miiba yake ni kama kulabu, imekaa mitatu mitatu, miwili ikitazama juu na mmoja chini, ili ukiponyoka huku ukamatwe kule. Mikono ya Paskazia ilijaa makovu kuanzia kiganjani hadi kiwikoni. Kiangazi majani yakishapukutika, unabandua ganda la mti, ukanda mwembamba tu, halafu unangoja. Wiki tatu, nne, tano. Mti unaumia na kutoa utomvu ili ujizibe, utomvu unaganda kuwa madonge ya rangi ya asali, na hayo madonge ndiyo gundi. Mvua ikiwahi kunyesha, umekwisha.

Watu wengi walikata kwa panga, jeraha refu, wapate nyingi upesi. Miti yao ilikufa mwaka wa tatu. Paskazia alitumia kishoka alichofuliwa na mhunzi wa Didia, kidogo kama cha kuchezea, na alibandua upande mmoja mwaka huu, upande wa pili mwaka ujao, na mwaka wa tatu mti unapumzika. Hakuchanganya gundi ya kikwata na ya mgunga. Zikiwa zimekauka, wewe na mimi hatuwezi kuzitofautisha, lakini yeye aliweka donge ulimini: ya kikwata huyeyuka kimya, ya mgunga ina ukakasi. Wanawake wa kikundi chake walifundishwa kuonja vivyo hivyo, na aliyechanganya alirudishiwa mzigo wake mbele ya wenzake. Ndiyo maana kiangazi cha mwisho Akida aliwalipa elfu nne kwa kilo, wakati wauzaji wengine walikuwa bado na elfu mbili na nusu yao. Na miti karibu yote waliyoitegemea ilikuwa ndani ya ngitili ya Marselino, mume wa Paskazia.

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo ambalo Msukuma analifunga ili nyasi na miti vipumue, mifugo isiingie mpaka kiangazi kikali kikibana. Ya Marselino ilikuwa ekari ishirini na moja. Baba yake aliifunga, naye akaendelea kuifunga hata majirani walipolima zao zote pamba na mpunga. Ng'ombe waliisha mmoja mmoja alipoanza kuugua figo, maana kila safari ya hospitali Mwanza ilikuwa na ng'ombe wake. Ikabaki ngitili bila ng'ombe, na Paskazia ndani yake na kishoka. Gundi hiyo ilimsomesha binti yao Loveness huko Ushirombo, na ilimnunulia Marselino dawa hadi siku dawa zilipokuwa hazimsaidii tena.

Marselino alizikwa mwezi wa tano mwaka juzi. Mdogo wake Mageni alitoka Nyarugusu kuja msibani, na hapa lazima niseme kitu ambacho kwa sasa kinanichoma: nilimpenda Mageni. Nani hakumpenda? Alikuwa na duara lake huko, shimo la dhahabu alilochimba na wenzake kwa zamu, na kila alipokuja nyumbani alileta vichekesho zaidi kuliko alivyoleta fedha. Aliweza kuiga mtu yeyote. Alimwiga katekista, alimwiga Akida akihesabu noti, aliniiga mimi nikijaza kisado na kukigongagonga kwa chini ili kimeze zaidi. Nilicheka mpaka nikasahau kuona haya. Kwa Paskazia alikuwa shemeji, na mjuavyo, shemeji ni utani mtupu. Alimwita "mke wangu" mbele ya Marselino mwenyewe kwa miaka ishirini, na Marselino hucheka na kusema, "Mchukue, lakini uchukue na madeni yake."

Tangu mazishi Paskazia hakula. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Hakulia pia, na hilo ndilo lililowatisha wazee wa kike, maana mjane asiyelia hujui amebeba nini. Siku ya kuanua matanga, watu walikuwa wamejaa uani, nyama imeiva, katekista amekwisha sali, Mageni akaingia nyumbani akatoka amevaa koti refu la marehemu na kofia yake. Kwetu hiyo si kufuru. Mtani ana ruhusa ya kumvaa marehemu, ndiyo kazi yake msibani. Akatembea kwa ile nyonga mbovu ya Marselino, akakohoa kile kikohozi chake cha mara tatu, na wapo waliolia na kucheka kwa pamoja.

"Paskazia ng'wana Mahona!" akaita kwa sauti ya kaka yake. "Huku nilikofika kuna baridi na hakuna kuni. Ile ngitili yangu umeifanya nini? Kutwa kuikuna migongo ile miti kana kwamba ina upele! Nimekuja naiuza."

Paskazia alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefungwa kaniki. Niliona mabega yake yakitikisika, nikadhani sasa analia. Kumbe ni kicheko. Kilimtokea puani kwanza, kisha akainua uso, mara ya kwanza kwa siku hizo zote, akasema kwa nguvu, "Uza! Uza ngitili, uza na nyasi zake! Na mimi mwenyewe uniuze juu yake, upate nauli ya kurudi ulikotoka!"

Ua mzima ulilipuka. Katekista alishika mbavu. Mimi kanga ilinianguka begani nikaiacha. Na katikati ya kile kicheko Paskazia akaanza kulia, kilio cha kweli kilichokuwa kimekwama tangu mazishi, na wanawake wakamzunguka, na jioni ile akala ugali. Kama ungeniuliza wakati huo ni nani aliyemponya, ningesema Mageni.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu mno na gundi ilitoka vizuri. Mwezi wa nane Paskazia na wenzake watatu walikuwa ngitilini wakivuna, akatokea mwanamume mwenye buti na kofia ya chuma, na vijana wawili wanazungushia kamba mashina na kuandika. Paskazia akawasalimu, akawauliza wanatafuta nini.

"Napima matimba, mama," yule bwana akajibu. Matimba ndiyo magogo ya kuegemeza kuta za maduara ili yasiwaangukie walio chini. "Haya membamba nitachoma mkaa. Shemeji yako hakukwambia? Nimenunua."

Mwanamke mmoja aliyekuwapo aliniambia kwamba Paskazia alicheka. Alidhani ni Mageni yule yule, ametuma mtu kamili na buti na kofia aendeleze mzaha wa matanga. Akawakaribisha maji ya kunywa. Akasema, "Mwambieni huyo mume wangu kwamba na mimi bado hajaniuza, amechelewa." Yule bwana hakucheka. Alitoa karatasi mfukoni akamwonyesha sahihi ya Mageni, na kiasi kilichoandikwa, milioni tano, na maneno kwamba muuzaji anauza kwa ridhaa ya mjane wa marehemu. Paskazia aliisoma mara mbili, akamrudishia, akaokota kapu lake. Hiyo gundi aliyovuna siku ile hakuipima.

Mageni alikuwa na haraka. Duara lao lilikuwa limefika kina ambacho huwezi kuendelea bila kuegemeza, wenzake walitaka mchango wake, na yeye alichokuwa nacho ni kaka aliyekufa. Ila mtendaji wa kijiji chetu alikataa kugonga muhuri. Alisema anataka kuona mjane ameridhia, na kama mjane hayuko tayari kusaini, basi auone muhtasari wa kikao cha ukoo wenye mashahidi. Nawaambieni hilo ili mjue kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Sisi ndio tuliofungua.

Kikao kilikaa Jumapili moja baada ya ibada, nyumbani kwa Mzee Mwigulu, baba mdogo wa marehemu, mkubwa wa ukoo. Wanaume kumi na wanne, Paskazia kwenye kigoda, na mimi. Mimi niliitwa kwa barua. Barua ilisema wanahitaji shahidi asiye na upande, mtu wa nje ya ukoo, mwaminifu na mwenye kujua kupima maneno. Niliisoma kwa sauti mbele ya wateja. Nilivaa baibui jipya.

Mageni alisimama. Hakuwa Mageni ninayemjua, alizungumza Kiswahili cha ofisini. Akaeleza kwamba shemeji yake aliridhia mauzo hadharani, siku ya kuanua matanga, bila kulazimishwa. Akanigeukia.

"Mama Abduli, siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulimsikia shemeji akitamka neno 'uza'?"

"Nilimsikia."

"Kuna mtu alimlazimisha?"

"Hakuna."

"Alikuwa amelewa?"

"Paskazia hanywi," nikasema, na nikajisikia nimemtetea.

Paskazia akainuka. "Baba," alimwambia Mzee Mwigulu, "ule ulikuwa utani. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Mlikuwapo nyote. Mlicheka."

Mzee Mwigulu alikuna kidevu. "Mzaha mzaha, mayo, hutumbuka usaha," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Maneno yalitoka kinywani mwako, hakuyasema mwingine."

"Basi na mimi mwenyewe niuzeni!" Paskazia akajibu. "Si nilisema aniuze na mimi? Mbona hilo hamliandiki?"

Mwanamume mmoja alianza kucheka akajizuia. Wote kumi na wanne walilijua jambo hilo tangu wakiwa migongoni mwa mama zao: la utani halina kesi. Mtani akikuvua kofia hushitaki, akikuambia umeuza mama yako hujibu kwa hasira, na ukimwambia "uza" hujauza kitu. Ukishaanza kuyapima maneno ya utani kwenye baraza, hakuna msiba utakaozikika tena. Walijua. Wakatazama chini, kila mmoja akitafuta kitu kwenye vumbi. Baadaye nilisikia kwamba kila mmoja alikuwa ameahidiwa kitu kidogo, na sikushangaa.

Paskazia akanigeukia. "Mtani," akasema, "waambie."

Nimekuwa na muda mwingi wa kuifikiria dakika hiyo, kwa hiyo nitaisema kama ilivyokuwa bila kuipamba. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba wenye mila ni wao. Mimi Mzaramo wa dukani ndiye nikawafundishe Wasukuma utani wao? Atasema mmoja wao, nikajiambia. Nikangoja. Hakusema mtu. La pili ni kwamba niliitwa kwa sababu napima maneno, na swali lilikuwa nilichosikia, si nilichoelewa. Nimezoea kuulizwa kilo ngapi nikajibu kilo ngapi. La tatu nililijua hata kabla hayo mawili hayajaisha. Ni ile sahani ya mizani yangu aliyoiosha mbele ya wateja mpaka ikang'aa. Miaka miwili nilikuwa nalitazama gari la Akida likipita na vumbi lake.

"Mimi nimeulizwa nilichosikia," nikasema. "Nilisikia 'uza'."

Hakuna aliyenihonga. Natamani wangenihonga, ningekuwa na kitu cha kurudisha.

Muhtasari uliandikwa pale pale, nikatia sahihi chini ya neno shahidi, na mtendaji akagonga muhuri Jumatatu. Sikumlaumu, naye alikuwa na karatasi iliyotimia. Ukoo ulimtolea Paskazia laki tatu kwenye bahasha, ikawekwa juu ya mkeka karibu na miguu yake. Hakuiokota. Ilikaa pale mpaka mke wa Mzee Mwigulu akaichukua ili kuku wasiichakure.

Wakataji walifika na misumeno ya moto. Kazi ya baba na mwana ya miaka arobaini iliwachukua siku kumi na saba kuiangusha. Magogo manene yalipakiwa kwenda Nyarugusu, na membamba, yaani vikwata vyote, yakaingia kwenye matanuri ya mkaa, na moshi ukakaa juu ya kijiji karibu mwezi mzima. Ngitili ile ilikuwa inatoa kama kilo mia na ishirini za gundi kila kiangazi. Kwa bei ya Paskazia, ndani ya miaka kumi na moja angekuwa amezifikisha milioni tano za Mageni na kuzipita, na miti bado imesimama. Hesabu hiyo naijua mimi, kwa sababu niliipiga usiku ule ule wa kikao, kwenye daftari la mikopo. Sikulala.

Mtaniuliza kwa nini hakwenda mbele. Alikwenda. Alipanda gari mpaka Shinyanga mjini, akaonana na dada mmoja anayesaidia wanawake mambo ya sheria, naye akamwambia kesi ipo, tena nzuri, ila alete mtu mmoja tu aliyekuwapo matangani na kikaoni, aandike kwamba yale yalikuwa maneno ya utani. Mtu mmoja. Habari hiyo nilipewa na mwanamke wa kikundi chake aliyekuja kununua mafuta ya taa, tena alinipa polepole akinitazama machoni. Nikasema moyoni, akija nitaandika. Nilimngoja wiki mbili. Kila mwanamke mrefu aliyetokea njiani nilidhani ni yeye, na nilikuwa nimekwisha tayarisha na kalamu. Hakuja. Kutoka dukani kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa moja na nusu, njia naijua, na miguu ninayo.

Kikundi kilisambaa. Akida alipita mara mbili akakuta mzigo haujazi hata gunia, akaacha kupita. Alisimama kwangu kunywa soda akaniambia gundi ya Paskazia alikuwa akiiweka gunia lake peke yake, na wanunuzi walikuwa wakiuliza imetoka wapi. Nilimuuliza kama angependa turudie biashara yetu ya zamani. Akasema, "Gundi ya nani, Mama Abduli?" Nikampokea chupa yake tupu. Loveness alirudi kutoka Ushirombo kabla ya kumaliza, sasa yuko Kahama kwenye hoteli ya mtu. Paskazia yeye anavuna kwenye vikwata vya watu wengine, kwa nusu kwa nusu, na nasikia bado anabandua ukanda mwembamba, hata kama mti si wake na mwenye mti anamwambia akate zaidi.

Mwezi wa tano uliopita ilikuwa misa ya kumwombea Marselino, na baadaye watu walialikwa chakula. Nilikwenda. Nilijiambia nitamwambia kitu, sikujua kitu gani, nikachukua kilo tano za sukari ili mikono isiwe mitupu. Mageni alikuja pia. Alikuwa amevaa viatu vizuri. Wengine wanasema duara linatoa, wengine wanasema limejaa maji, mimi sijui.

Paskazia alikuwa amesimama mlangoni akipokea wageni. Mageni akamwendea amepanua mikono na kwa sauti kubwa, ile ya siku zote, kana kwamba hakuna kilichotokea, akasema, "Mke wangu! Mbona umekonda hivi? Nikikuuza leo sipati hata nauli!"

Watu uani wakageuka, wakingoja jibu lake, na nadhani kuna waliotamani atukane, arushe kikombe, au hata acheke, maana lolote kati ya hayo lingekuwa bado ni la shemeji kwa shemeji. Paskazia ni mkubwa kwa Mageni kwa miaka minane. Alikunja magoti, akainamisha kichwa kama wanavyofanya wasichana wa hapa mbele ya mkwe, akasema kwa upole kabisa, "Shikamoo, baba."

Mageni alibaki na mikono yake hewani. Alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nilitazama chini. Mwishowe ikambidi aseme, "Marahaba," kwa sauti ndogo, akapita akaenda kukaa na wanaume.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeshika ile sukari kwa mikono miwili, na neno "mpagazi" lilikuwa limenijaa kinywani, nililibeba njia nzima. Nikilitoa akalijibu, nilijiambia, tumepona. Nikafungua mdomo. Paskazia akaniwahi. Mimi ni mdogo wake kwa miaka sita, na watu wote pale wanajua. Akakunja magoti yale yale.

"Shikamoo, Mama Abduli."

Nikaitikia, "Marahaba." Akaipokea sukari, akashukuru, akanionyesha pa kukaa.